Vitambaa vya Nyuma ya Ubao

Palma, 4 Februari 1980

Mjomba Abibo,

Shikamoo. Huku sote wazima. Mimi pia mzima, ukiondoa kichwa, na hicho kinaumwa na simu za watu.

Nisikilize kwanza, kucheka baadaye. Jumatano nimeitwa ofisi ya utawala, mbio mbio, simu ya kamarada Raul, mkubwa wangu, imekufa. Nimeacha sahani yangu ya wali na samaki kwa mwenye nyumba, nikapanda baiskeli. Nafika, nakuta mkonga wa simu umelala mezani chini ya faili. Hakuurudisha mahali pake tangu juzi. Nikaurudisha, simu ikafufuka, naye akaniambia, "Unaona? Hizi simu za wakoloni hazifai." Alhamisi ikawa zamu ya koperativa ya wavuvi. Wao kwa kuogopa wezi wanaifungia simu kwenye sanduku la chumvi, wameshaniahidi mara tatu hawatarudia. Nimeifungua, ndani kutu ya kijani tupu. Wakaniuliza kwa mshangao imepatwa na nini. Ijumaa nikarudi tena utawala kwa sababu karani alimwagia simu maji ya maua.

Mwaka wa nne huu natembea na begi la bisibisi, meza hadi meza. Ninachotengeneza asubuhi, jioni kimeharibiwa na mikono ile ile. Nimechoka, Mjomba. Nataka kukaa pale nyaya zote zinapokutana, kama wewe. Mtambo ukiharibika uharibike wenyewe, si kwa maji ya maua.

Sasa habari yenyewe. Umekuja waraka kutoka Pemba, mji mkuu wa jimbo letu. Fundi yeyote wa simu za mezani aliyemaliza darasa la sita anaweza kwenda mafunzo ya wiki sita na kufanya mtihani. Akifaulu anapewa karteira, kile kitabu kidogo cha ufundi chenye picha na muhuri, halafu anakabidhiwa sentrali, mtambo unaounganisha simu zote za mji. Hapa Palma kila mtu anasema tutajengewa sentrali yetu mwaka huu, bila shaka ndiyo hiyo. Nimeandikisha jina.

Wameniletea na kitabu. Mitambo iliyochorwa humo ni ya Ulaya, ina taa nyekundu na za kijani. Mimi maishani nimeona sentrali moja tu, yako, tena kutoka mlangoni, maana hukutaka niingie na miguu ya mchanga. Nifundishe kwa barua, tafadhali. Nakuandikia kwa herufi za Kiarabu, zile zile ulizonifundisha barazani kwako, ili usimtafute mtu wa kukusomea.

Mpwa wako,
Anchia


Mocímboa da Praia, 21 Februari 1980

Anchia,

Marahaba. Bahasha yako imefika na mchanga ndani, nikaamini kweli ni wewe.

Karteira! Nimekaa na sentrali hii tangu siku ile mzungu wa simu alipopanda ndege na daftari la nyaya kwapani, na kabla ya hapo nilimpandia nguzo zake miaka ishirini. Hakuna waya hata mmoja ulioniomba kitambulisho.

Mwezi uliopita alikuja kamarada Henrique, mkubwa wa simu kutoka Pemba, kutuhesabu. Akaniuliza, unajua kusoma? Nikamwambia nimehitimu msahafu mara tatu, na nikimwandikia mtu barua anaijibu. Akasema, nakuuliza herufi za Kireno. Nikasema hizo sizijui. Akaandika kwenye karatasi yake: analfabeto. Basi ndivyo nilivyokuwa mjinga asiyejua kusoma, na kalamu mkononi. Alisema na mengine. Tuyaache.

Somo la kwanza. Kila ofisi ina waya wake, unaingia kwa juu ya ukuta wa nyuma. Waya unafungwa kwa skurubu kwenye ubao, na kutoka kwenye skurubu unaendelea mbele kwa Gracinda, mpokeaji wetu, kwenye kitundu chenye jina la ofisi ile. Mtu akizungusha simu yake, juu ya kitundu kinaanguka kijifuniko. Gracinda anachomeka kamba, anauliza wataka nani, anachomeka ncha ya pili kwa huyo anayetakiwa. Ni hayo tu. Mengine ni vumbi na betri.

Somo la pili ni hizo betri. Asidi yake inakula nguo. Usiifute kwa kitu unachokipenda.

Somo la tatu ni lako peke yako: usikimbilie bisibisi. Tangu mtoto ukiona fundo hulifungui, unalikata. Sentrali husikilizwa kwanza, kushikwa baadaye.

Soma kwa bidii. Ukifeli nitaona haya. Ukifaulu, basi. Wewe soma tu.

Mjomba wako,
Abibo


Palma, 17 Aprili 1980

Mjomba,

Shikamoo. Ninaandika nikiwa nimekasirika, hivyo mwandiko uusamehe.

Mtihani wenyewe sijaufikia, nafanya mtihani wa guia. Bila karatasi hiyo ya ruhusa ya safari, hata gari la mbata halikuchukui. Nimekwenda kwa katibu wa mtaa, akasema lete kwanza karatasi ya kamarada Raul kwamba kazini umeruhusiwa. Nimekwenda kwa kamarada Raul, akasema lete kwanza karatasi ya katibu wa mtaa kwamba mtaani hudaiwi kazi ya pamoja. Nimekwenda na kurudi kati ya hawa mabwana wawili mara sita. Mara ya saba kamarada Raul akasema ukweli wake: "Dada Anchia, ukiondoka wewe, simu yangu atatengeneza nani?"

Mungu anisamehe. Usiku huo simu yake iliharibika, na safari hii si kwa faili. Kipande kilichopungua kilikuwa mfukoni mwangu. Siku tatu nikamwambia kipande hicho hupatikana Pemba tu, kwenye mafunzo. Ya nne akatia saini.

Swali, Mjomba. Kitabu kinasema kila waya nyuma ya ubao uwe na kibati cha namba, moja ianzie kushoto, zifuatane mpaka mwisho. Zako zina namba gani? Nataka nizishike kichwani kabla ya kwenda.

Anchia


Mocímboa da Praia, 6 Mei 1980

Anchia,

Marahaba. Umemwibia mkubwa wako kipande cha simu. Nimekukemea. Sasa nimemaliza kukukemea, na nimecheka mpaka Gracinda akaja kuniuliza kuna nini.

Namba usiniulize. Mambo ya nyuma ya ubao wangu hayaandikiki, yanaonwa. Gari la Pemba lazima lipite hapa. Shuka siku moja. Nasema siku moja tu, nitakuonyesha waya baada ya waya, na wewe ukae kimya uangalie. Mwambie huyo Raul aandike Mocímboa kwenye guia.

Tena lipo neno la kusema uso kwa uso. Si neno la barua.

Dada yako mdogo nimemwambia apike pweza, kwa hiyo usipokuja utakuwa umewakosea watu wawili na pweza mmoja.

Abibo


Pemba, 25 Juni 1980

Mjomba,

Shikamoo. Nimefaulu. Wa pili katika watu kumi na wanne. Karteira ninayo, picha yangu inaonekana kama ya mtu aliyekamatwa.

Kwanza nikuombe radhi ya pweza. Kamarada Raul aliandika "Palma–Pemba" basi, na kwenye kizuizi cha Mocímboa askari akasoma karatasi yangu neno kwa neno. Nilimwambia mjomba wangu yuko pale, nikamwonyesha na paa la sentrali kwa kidole. Akasema karatasi haimjui mjomba wangu. Nililia kwa hasira mpaka Macomia.

Sasa la pili. Palma hakuna sentrali, ilikuwa maneno ya barazani. Leo wametusomea vituo na mimi wamenisomea Mocímboa. Nikasimama, nikamwambia kamarada Henrique pale yupo mtu. Akasema, "Yupo analfabeto. Anapumzishwa. Aliambiwa tangu Januari."

Tangu Januari! Mjomba, niambie kwamba hukuelewa alichokuambia. Nikikumbuka barua zako zote, na masomo yako, sijui nikasirike au nijifiche. Mimi sikuomba kiti chako. Wallahi sikukiomba. Nitamwambia Henrique ubaki kama msaidizi wangu, tufanye kazi pamoja, mimi nishike makaratasi na wewe ushike mtambo.

Jambo moja la mwisho, ulisikie vizuri. Huyu kamarada Henrique ana vita na ushirikina. Katuhadithia fundi mmoja aliyekutwa na hirizi ndani ya mtambo. Walimsimamisha mbele ya mkutano, wakamfukuza. Agosti atapita kukagua sentrali zote. Naja Julai. Unisubiri.

Anchia


Mocímboa da Praia, Jumapili, 13 Julai 1980

Mjomba, huko Quiterajo,

Shikamoo, ingawa hukustahili hata hiyo.

Nimefika, nimekuta funguo kwa Gracinda na wewe umeshahamia shambani. Hukuacha barua, hukuacha salamu. Umenifundisha miezi mitano halafu umenikimbia kama mdai. Nimeumia, na sitajifanya sikuumia.

Nakuandikia kuhusu kile nilichokikuta nyuma ya ubao. Sitakitaja sana, barua zina macho. Nilifungua mlango nikakuta vitambaa, Mjomba. Kila waya umefungwa kitambaa, na kila skurubu kitambaa, vyekundu, vyeupe, vya maua, vimefungwa mafundo kama vile watu wanavyofunga kwenye kaburi la sharifu wakiomba dua. Niliufunga mlango nikakaa chini. Wewe, mtu wa msahafu! Ndiyo maana hukutaka kuniandikia. Ndiyo maana ulitaka nione kwa macho.

Sikukuhukumu. Labda mtu aliyeachiwa mtambo bila daftari anatafuta msaada popote. Lakini mkaguzi wa Agosti yupo njiani, na mimi sitakubali jina lako lisomwe mbele ya mkutano. Gracinda nilimpeleka kupumzika, nikafanya kazi peke yangu Jumamosi yote na leo. Nimekata vyote. Nimefungua nyaya zote thelathini na moja, nimesugua kutu, nimezirudisha kwa mpangilio kama kitabu kinavyotaka, moja kushoto, thelathini na moja kulia, kila moja na kibati chake. Hata betri nimezifuta. Sasa nyuma ya ubao kunang'aa kama sahani ya arusi, wala hakuna atakayejua kulikuwa na nini.

Leo ofisi zimefungwa, hakuna anayepiga. Kesho watu watasikia sentrali inavyotakiwa kuwa.

Kesho pia ni siku ya kwanza ya mfungo. Ramadhani njema, hata kama umenikasirisha.

Anchia


Mocímboa da Praia, Jumatano, 16 Julai 1980

Mzee Abibo,

Mimi Gracinda. Herufi zangu huzijui, kwa hiyo mwalimu wa shule ya hapo, wewe unayemsomea mzee, soma polepole, usiruke kitu, na ukimaliza usipeleke habari sokoni.

Mzee, sentrali imekuwa kichaa. Jumatatu asubuhi msimamizi wa wilaya kaomba Pemba, nikachomeka Pemba, wakapokea watu wa tanuri la mikate. Akawaamrisha kwa dakika nzima habari za korosho. Nikichomeka shule, anapokea bohari. Nikichomeka bohari, anapokea mkuu wa gereza, na mkuu wa gereza si mtu wa kuamshwa. Majina kwenye vitundu ni yale yale, miaka mitano nachomeka hapo hapo, lakini nyuma huyu mtoto wako kavuruga kila kitu na kubandika vibati.

Nilimwambia, vitambaa vya mzee viko wapi? Akaniziba mdomo kwa mkono. Kaniambia, "Gracinda, usilitaje hilo tena, utamfunga." Kufunga nani? Kwa nini? Mimi ni mtu wa Mueda, nimekulia kambini Tanzania, mambo yenu ya pwani mengine siyajui, lakini kitambaa ni kitambaa!

Na jana, mzee. Hospitali walipiga kuomba gari kutoka gereji, kuna mama kaletwa kutoka Rongui, mtoto kakaa vibaya, apelekwe Mueda kwa daktari. Nimechomeka gereji, kapokea forodha. Nimechomeka vitundu kumi na saba ndipo nikaipata gereji. Saa nzima na zaidi. Mama kapona, mtoto kapona, ashukuriwe Mungu, lakini nesi kanitukana matusi ambayo sikuyajua. Anchia alikuwa amesimama nyuma yangu. Tangu jana hali chakula, na si kwa sababu ya mfungo, maana hata jua likizama hali.

Lile la Januari sijamwambia. Uliniapisha, nimefunga mdomo. Lakini hajui kwamba Henrique alitaka kumleta mtu wa Nampula na wewe ndiye uliyesema, "Kama lazima niondoke, mwiteni mpwa wangu wa Palma, hakuna mwenye mkono kama wake." Yeye anadhani umemchukia. Kiapo chako kinaniwasha, mzee, sijui nitakishika mpaka lini.

Mjibu upesi. Gari la mbata linarudi Jumatatu.

Gracinda


Quiterajo, Jumapili, 20 Julai 1980

Anchia,

Nimefunga. Tangu barua zenu mbili zisomwe asubuhi nimejizuia kukutukana ili saumu yangu isiharibike. Sasa jua limezama.

Mpumbavu wee! Mimi mganga? Mimi nifunge hirizi kwenye waya wa forodha? Umekaa barazani kwangu miaka tisa ukisikia nikiwakemea wanaofunga vitambaa makaburini, halafu umeona kitambaa siku moja ukaniweka fungu moja nao. Umeninusuru! Nimekuomba nini? Siku moja! Nilisema kaa kimya uangalie. Na kama hukuipata siku hiyo, kwa nini hukuuliza? Kalamu unayo, Gracinda yuko pale.

Sikiliza sasa. Mzungu yule hakuondoka na daftari tu. Kabla ya kuondoka alizing'oa nyaya zote kwenye ubao, kwa chuki, asiachie mtu kitu. Nilizirudisha kama nilivyodhani, kushoto kwenda kulia, kama wewe. Wiki ya tatu mama yako akaugua. Unakumbuka ugonjwa, lakini hukuambiwa lililotokea, ulikuwa na miaka ishirini na nilikuonea huruma. Hospitali walipiga kuomba gari, ikapokea posta. Wakapiga tena, ikapokea kanisa. Gari lilipopatikana dada yangu alikuwa amekwisha kufa. Mimi ndiye niliyekaa kwenye mtambo siku ile. Mikono hii.

Baada ya arobaini nilitembea. Ofisi hadi ofisi, nikizungusha simu, na mwenzangu akitazama kijifuniko gani kinaanguka. Kila waya nilioujua niliufunga kitambaa, na skurubu yake nikaifunga kipande cha nguo ile ile, ili hata ukichomoka mtu aone urudi wapi. Herufi zangu Gracinda hazijui. Zake mimi sizijui. Kitambaa anakisoma kila mtu. Nilichana kapulana, kanga za wanawake wa nyumbani, hatukuwa na kingine. Forodha ni nyekundu ya shangazi yako. Utawala ni nyeupe ya shuka langu. Hospitali ni ile ya buluu yenye maua ya manjano. Umewahi kuiona nguo hiyo, Anchia. Umebebwa mgongoni nayo.

Basi wewe na mzungu yule mmefanya kazi moja, yeye kwa chuki na wewe kwa karteira.

Neno hilo ni kali na silifuti, lakini nakuongezea jingine. Niliondoka kwa sababu nisingeweza kukaa pembeni nikitazama kiti changu kinakaliwa, hata na wewe. Wivu, mwanangu. Mzee mzima, nina wivu. Ningekaa siku mbili tu nikuonyeshe, haya yote yasingetokea. Hilo ni kosa langu na nalibeba mwenyewe.

Sasa fanya kazi. Gracinda akae mbele. Wewe chukua begi lako la bisibisi, utembee ofisi zote thelathini na moja. Zungusha simu, taja ofisi, Gracinda aandike kijifuniko kilichoanguka. Anza na hospitali na gereji. Kula futari.

Abibo


Mocímboa da Praia, 17 Agosti 1980

Mjomba,

Shikamoo, na Idi yako njema. Nimekaa na barua yako wiki nne bila kujibu kwa sababu nilitaka nikuandikie kazi, si machozi.

Sentrali imepona. Nyaya zote thelathini na moja. Hospitali na gereji zilirudi siku ile ile barua yako ilipofika. Nyingine zilichukua siku nane, maana ilibidi nitembee, Mjomba, meza hadi meza, na begi la bisibisi begani, kwenye jua la mfungo. Nimefanya mtihani ili niepuke meza za watu, na karteira ikanirudisha kwenye meza zote za Mocímboa. Gereza wanaweka simu chini ya kitanda. Shule wameifunika kofia. Kwa msimamizi nilikuta mkonga umelala chini ya faili, nikacheka peke yangu mpaka karani akaniogopa.

Vitambaa sikuvitupa. Nilivitia gunia, nikampa Gracinda avichome, naye, kwa vile mtu wa Mueda hachomi nguo, alivikunja akavifanya kata za kubebea ndoo. Tumewanyang'anya majirani kata zao vichwani. Vyote vimerudi kwenye nyaya na kwenye skurubu.

Isipokuwa kimoja, na hiki nimekiandika mara nne nikakichana. Ile Jumapili nilipofuta betri nilichukua vilivyokuwa karibu na mkono. Ulinionya tangu Februari. Cha buluu cha waya wa hospitali kimeliwa na asidi, kimebaki kipande cha vidole viwili, na ua moja. Nilikuwa nimekishika, Mjomba, na sikukijua. Sitaki unisamehe upesi.

Kamarada Henrique alikuja juzi. Akafungua nyuma, akapiga kelele, nini hii? Nikamwambia ni mpango wa nyaya. Akasema toa. Nikasema sawa, kamarada, niandikie amri, utie saini kwamba nyaya zikichanganyika tena na msimamizi akipewa tanuri la mikate, aliyeamuru ni wewe. Akatafuta kalamu yake mifuko yote miwili. Nikampa yangu. Akasema si lazima tuandike kila kitu.

Kwa kuwa kalamu ilikuwa imeshatoka, nikamwekea karatasi nyingine. Ni guia, Quiterajo–Mocímboa, jina Abibo, kazi: mwalimu wa sentrali. Akasema huyu ni analfabeto. Nikamwambia mimi ni wa pili Pemba, na wa kwanza hayupo hapa, na anayenifundisha ndiye huyu. Ametia saini ili aondoke. Imo ndani ya bahasha. Imeandikwa kwa herufi zao, itabidi uniamini.

Gracinda amevunja kiapo chako. Najua la Januari. Njoo ukae kwenye kiti chako, mimi nina miguu.

Anchia


Karatasi juu ya meza ya sentrali, 29 Agosti 1980

Anchia,

Nimefika na gari la mbata. Kwenye kizuizi askari alisoma ile guia yako neno kwa neno, akanipigia saluti. Sijui umeandika nini zaidi humo, nitakuuliza.

Nimekuta uko kwenye bicha, foleni ya mkate, nikaingia. Miguu nilifuta. Nimefungua nyuma, nikatazama waya baada ya waya, Gracinda akanishikia taa. Forodha sawa. Utawala sawa. Kanisa umefunga kwa kushoto, mimi hufunga kwa kulia, lakini hata hivyo sawa.

Hospitali nimekikuta kile kipande cha vidole viwili chenye ua, na umekishonea kipande cha kapulana ya kijani. Hiyo ya kijani ni yako, nilikununulia mwenyewe ulipomaliza darasa la sita. Nimekaa chini kidogo. Gracinda akaniletea maji.

Lakini fundo lenyewe umelifunga kama unamfunga mbuzi. Nimelifungua, nimelifunga upya.

Niko kwa Gracinda, nakula. Njoo na huo mkate, na usipite kwanza kwa huyo msimamizi hata akikuita. Rudisha tu mkonga wake kesho.

Mjomba wako